Gitaa la Wimbo wa Nne

…na eti "gitaa linalolalamika kama mlango wa nyumba iliyohamwa", ndivyo gazeti lilivyoandika, na sasa mtangazaji wa redio anayasoma maneno hayo kwa sauti ya mtu anayesoma katiba, na yeye yuko hapa kwenye kiti cha kinyozi, shavu moja limenyolewa, jingine limejaa povu, shuka limemkaba shingoni na wembe uko chini ya kidevu, hawezi hata kuinuka akazima redio, mtu mzima, afisa wa vibali vya kelele, analazimika kutulia huku wengine wakisifiwa, "Usitikisike, mzee," kinyozi anasema, "mbona shingo imekakamaa kama ya bwana harusi?" si kitu, ni mdogo wake tu, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha gitaa kabla mtoto hajajua kufunga kamba za viatu, na ndiye huyo anacheka redioni na bendi nzima, na pembeni yake yule binti aliyechukua nafasi ya kaka mtu, wanamwita Kimya, jina zuri kweli kwa mtu ambaye kazi yake ni kupasua watu masikio… albamu yenyewe *Dari Linavuja*, na dari lilikuwa linavuja kweli, stoo ya shangazi walimorekodia, magodoro yameegemezwa ukutani yazuie sauti, ndoo katikati, na siku ile mdogo wake alizungumza na ndoo, si na yeye, "Kaka, tunaomba upumzike kidogo," upumzike, kana kwamba alikuwa anapasua kuni, "unapiga vizuri, ila unapiga kama mtu anayejaza fomu," halafu bila haya, "kabla hujaondoka tupigie mwongozo wa wimbo wa nne, mpiga dramu apate pa kushika, tutaufuta baadaye," maana ndivyo wanavyorekodi, mmoja anapiga ovyo ovyo wenzake wamfuate, wakishapiga vyao ule wa kwanza unafutwa, kama uzi wa fundi mwashi, ukuta ukisimama nani anauulizia uzi, naye akapiga, amekaa juu ya kreti, koti mwilini, saa mkononi, uzi mmoja wa gitaa umelegea na hakuukaza, aukaze kwa ajili ya nani, akaweka gitaa chini akaenda zake… "Geuka kidogo. Hawa vijana wa roki ni moto," kinyozi anasema, "mke wangu alikuwa anasema ni ugomvi wa masufuria, sasa anausafishia nyumba," hata mama, hata mama yao anauimba huo wa nne akichambua mboga, na yeye alikuwa ametulia akisubiri albamu ianguke, roki ile isiyojua inaanzia wapi wala inaishia wapi, nani ataisikiliza, akajiambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akasubiri maji, maji hayakuja, zilikuja sifa, na aibu kubwa kuliko zote ni kwamba anausikiliza, chooni, kazini, mlango umefungwa, spika za masikioni, wimbo wa nne tu, pale gitaa linapochelewa kuingia, linaingia kama mtu aliyechelewa msibani kisha akalia kuliko wafiwa, Mungu amsamehe, anamwonea yule binti wivu mpaka meno yanamuuma, amejifungia chumbani akajaribu kupiga hivyo, mara ngapi, vidole vinakwenda sawa, ndiyo tatizo, vinakwenda sawa… kwa hiyo kibali chao cha tamasha kimekaa chini ya chupa yake ya chai, tamasha ni kesho, bila muhuri wake ukumbi haufunguliwi, kanuni inataka picha mbili, yeye akadai ya tatu, ikaletwa, akadai ya nne, akadai na ridhaa ya majirani wote wa ukumbi, na jirani mmoja ni makaburi, na simu za mdogo wake anazigeuza kifudifudi mezani, utaratibu ni utaratibu… "Hebu tuambie, Kimya," mtangazaji anasema, "lile gitaa la wimbo wa nne ulilitoa wapi?" litoe basi, jisifu, dunia ni yako, na binti anasema, "Si mimi," anacheka, "mimi nilijaribu mpaka vidole vikavimba, likakataa," na mdogo wake anadakia, "Ni kosa letu, wakati wa kuchanganya sauti tulisahau kuzima mwongozo, tukasikia, tukaacha hivyo hivyo," "Na kile kinachogonga nyuma, tk, tk?" "Ni saa ya mkononi hiyo, mkanda wa chuma unagonga mbao za gitaa, aliyepiga hakujali hata kuivua," tk, na chini ya shuka kifundo cha mkono kinakuwa cha baridi ghafla, saa, koti, kreti, uzi uliolegea, "Sasa huyo mtu yuko wapi?" "Yupo. Mkubwa siku hizi. Tunasubiri atuambie hiyo picha ya nne tupige tukiwa tumekaa au tumesimama," na studio nzima inaangua kicheko, na kinyozi naye, bila kujua anachekea nini, na yeye chini ya wembe, kumbe miezi yote hii chooni alikuwa anajisikiliza mwenyewe… kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakusema kitakulia chooni… kumbe adui ni huyu, na ajabu wivu haujaondoka, umehama tu, sasa anamwonea yule mtu wa juu ya kreti, aliyepiga bila kutaka chochote, alipatia wapi ruhusa ile, nani alimgongea muhuri, "Ila huyo jamaa nampa pole," kinyozi anasema akifuta wembe, "kupiga kitu kama kile halafu hata hujui umepiga," "Anajua," anajibu, sauti inatoka na povu, "Unamfahamu?" "Kidogo," na kanuni inataka picha mbili, mbili tu, na makaburi hayajawahi kulalamikia kelele, "Usitikisike, mzee, bado upande mmoja," lakini shingo imelegea kitambo, kilichokataa kutulia ni mkono, huko chini ya shuka, mkanda wa saa unagonga chuma cha kiti, tk, tk, unachelewa kidogo, unaingia…