Wimbi la Heru Juu

"Jiwe hili ndilo tutakalolipasua kwanza," alisema Leonidasi, mwenyekiti wa kijiji, akilionyesha kwa fimbo. "Mawe ya daraja jipya yatatoka hapa hapa mtoni."

Esteri aliacha kuopoa mihogo aliyoiloweka. Tangu mwaka sabini na tano, sasa ni miaka ishirini na moja, alikuwa akilowekea pale chini ya jiwe, maji yanapotulia. Juu kidogo ya hapo, mto uliruka jiwe na kuinua wimbi moja lisilohama. Kila baada ya mavuno watu wa Heru Juu walilipanda, wake kwa waume, wamelalia magogo ya migomba.

"Mwenyekiti, mkilipasua, wimbi nalo limekwisha."

"Mama Nadine, huu ni mpango wa ardhi. Mchezo haupimwi kwa ekari."

Wajumbe wa kijiji waliofuatana naye wakacheka. Esteri naye alicheka, ila hakutoka majini. Akamgeukia Isihaka, mpima ardhi aliyetoka wilayani Kasulu.

"Bwana mpima, kwenye ramani yako makaburi yapo?"

"Yapo."

"Na malisho ya ng'ombe?"

"Yapo, mama."

"Wafu wana pao, ng'ombe wana pao. Sisi wazima tufurahie wapi?"

Isihaka akaikunja ramani. Akauliza hilo wimbi lenyewe likoje.

Esteri alikata mgomba uliokwisha kuvunwa, akakaza kanga kiunoni. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mara ya mwisho kulipanda alikuwa hajamzaa Nadine. Akalilalia gogo. Akajitupa. Wimbi likamdaka, likamshikilia palepale, maji yakikimbia chini yake naye haendi popote, kisha likampindua. Aliibuka akikohoa, kilemba kimekwenda na mto, wajumbe wanapiga makofi.

Isihaka akavua viatu.

Alianguka mara tatu. Mara ya nne gogo lilitulia, akatoa ukelele uliomshangaza mwenyewe. Alipotoka alikaa kwenye nyasi, akakunjua ramani, akachora duara kulizunguka jiwe.

"Mawe yapo hata kule kilimani," alisema.

"Kilimani ni mbali," alisema Leonidasi.

"Tutabeba," alijibu Esteri. "Na wewe utabeba."

 Mwenyekiti akaiweka fimbo chini, akaanza kukunja suruali.

Tone la maji lilidondoka kutoka kwenye nywele za Isihaka, likaangukia ramani. Wino wa lile duara ukaanza kutanuka, taratibu, kuelekea mashambani.