Dada Amalia na Kiapo cha Bendera

Mimi ndiye niliyemfukuza dada yangu shule. Watu wa huku kwetu Nebraska husema ni bodi ya shule ndiyo iliyomfukuza, na kweli bodi ilikuwa na watu watatu, lakini mkono wa mwisho kunyanyuka ulikuwa huu wangu. Siku hizi umepinda kwa baridi yabisi, hata kifungo cha shati siwezi kufunga. Acha upinde.

Amalia alinizidi miaka sita. Mwaka 1918, wakati wa vita na Wajerumani, na sisi majina yetu ya Kijerumani, wanaume wa mjini walimshusha baba kwenye gari lake la mahindi mbele ya benki, wakampigisha magoti, wakamwambia abusu bendera. Akabusu. Wakacheka, wakamwambia arudie, hiyo ya kwanza haikutoka moyoni. Mimi na Amalia tulikuwa palepale juu ya gari, amenishika mkono mpaka unauma. Baba hakwenda mjini tena hadi tulipompeleka kumzika.

Mwaka uleule Amalia akachukua kazi ya ualimu kwenye shule yetu ya chumba kimoja. Asubuhi ya kwanza aliwapanga watoto mbele ya bendera, mkono kifuani, akawafundisha kiapo cha utii kwa bendera. "Mtoto wa shule hii hatapigishwa magoti na mtu," aliniambia. "Watakijua kiapo kuliko hao wenyewe." Na walikijua. Kila asubuhi ya Mungu, miaka thelathini na sita, sauti yake mbele na ya watoto nyuma. Hakuolewa. Ukimuuliza ana watoto wangapi, anakutajia darasa zima.

Ndipo Juni 1954 wakubwa wa Washington wakakifanyia kiapo nyongeza. Warusi hawamtaki Mungu, basi sisi tuonekane tunaye. Palipokuwa "taifa moja, lisilogawanyika" sasa ikawa "taifa moja chini ya Mungu, lisilogawanyika." Basi, ni hayo tu. Amalia alifurahi, sitanii. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, Biblia yake imechakaa mpaka gamba limeshonwa kwa uzi wa viatu. Aliandika maneno mapya ubaoni kwa herufi kubwa, watoto wakayashika kwa siku mbili.

Yeye ndiye hakuyashika. Mazoea yana tabu, jamani. Nilimkuta jikoni kwake anaosha vyombo huku anajisomea kiapo, akifika pale anapita moja kwa moja, anajipiga paja kwa mkono wenye povu.

"Mungu ninaye kutwa kucha, Reinhold," akaniambia, anacheka bado. "Ni pale tu ndipo ananiponyoka."

"Utazoea, dada. Ulimi wako mkongwe kama punda wa baba."

"Mkongwe mwenyewe!" Akanirushia kitambaa cha vyombo.

Oktoba ikaja siku ya wazazi. Akina mama walileta maandazi ya kabichi na nyama, madawati yakajaa watu wazima waliobana magoti. Amalia akasimama mbele, ametupa mgongo, anaitazama bendera. Akaanza kwa sauti ile yake, watoto wakafuata. Walipofika "taifa moja" wao wakaingia kwenye maneno mapya, yeye akapitiliza. Akawatangulia. Akamaliza "haki kwa wote" peke yake, akashusha mkono, na nyuma yake watoto ishirini na wawili walikuwa bado wanasema. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu. Mtoto mmoja akacheka. Virgil Tackett, mwenyekiti wa bodi yetu, hakucheka.

Kufika Jumapili ilikuwa imeshaenea: mwalimu Amalia hamtaji Mungu mbele ya watoto. Kufika Jumatano alikuwa Mkomunisti. Mtu aliyewapigia kinanda kwenye harusi zao na misiba yao! Mama mmoja akamtoa binti yake shuleni, wengine wakafuata. Mchungaji akamwambia apumzike kidogo na kinanda. Akakubali, akarudi nyumbani, akakaa na koti lake mwilini hadi jioni. Nilimwambia maneno ya kijinga, kwamba yatapita. Nilijua hayapiti.

Bodi ikakutana Jumamosi mchana, humohumo darasani. Tulikuwa watatu: Virgil, mzee Orrin Sloat, na mimi. Wazazi walisimama ukutani. Amalia alikaa dawati la mbele, la watoto wa darasa la kwanza.

"Mimi sitaki maneno mengi," Virgil akasema. "Mwalimu, simama ukiseme hapa tukusikie. Ukikisema sawasawa, yaishe."

Orrin akang'aka. "Virgil, acha upuuzi. Huyu mama ndiye aliyekufundisha wewe kiapo, na kamasi zako."

"Ndiyo maana nataka kumsikia."

Amalia akasimama, mkono kifuani. Alianza vizuri. Alipofika "taifa moja" akanyamaza. Alijua pana kitu pale. Niliona midomo yake ikitafuta, macho yamekodoka kama ya baba siku ile mbele ya benki. Maneno yalikuwa ubaoni nyuma yetu, kwa mwandiko wake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kusogea ili Amalia ayaone. Mimi ndiye niliyekuwa nimeyaziba kwa mgongo wangu. Sikusogea.

"Taifa moja," akasema tena. Akakaa chini.

Orrin akanyanyua mkono abaki. Virgil akanyanyua wake aondoke. Kisha akanigeukia, akatabasamu. "Haya, Reinhold. Damu nzito kuliko maji, sote tunajua utaelekea wapi. Ninyi watu wa baba yenu."

Watu wa baba yetu. Watu wote ukutani walinitazama, na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini, nikajiona niko juu ya gari la mahindi. Niliogopa. Hakuna neno lingine, niliogopa. Nikanyanyua mkono pamoja na Virgil.

Orrin akasema, "Lo! Reinhold." Basi.

Kwa desturi yetu mkutano hufungwa kwa kiapo. Tukasimama wote, hata Amalia, akaja akasimama ubavuni kwangu, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Sauti zikapanda. Mimi nilikuwa natazama bendera, sioni kitu, mdomo unakwenda wenyewe kama alivyoufundisha yeye. Nilikuwa mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, nimesahau kuwaambia. Taifa moja, lisilogawanyika, lenye uhuru na haki kwa wote. Nilipofunga mdomo, ukuta mzima ulikuwa bado haujamaliza.

Hakuna aliyegeuka. Nani amsikilize mjumbe wa bodi? Amalia peke yake ndiye aliyegeuza uso. Nilingoja aseme. Angesema kwa sauti tu, Orrin angeruka, kura ingerudiwa.

Alichukua kengele yake mezani, kisha akakumbuka kuwa ni mali ya shule, akairudisha. Nilimfuata nje. Alikuwa anahangaika na kifungo cha koti.

"Na wewe umeyaruka, mdogo wangu," akasema polepole. "Usiwaambie. Watakupigisha magoti."

Akaenda kwa miguu, hakutaka nimpeleke. Mlango wa shule ulikuwa wazi nyuma yangu, wote walikuwa bado mle ndani, namsikia Virgil anawauliza nani ameleta maandazi. Hatua nane, tisa, ningekuwa ndani. Nikaingia kwenye gari, nikawasha, nikaenda nyumbani kukamua ng'ombe.