Kibao cha Mwisho cha Mbarouk

Usingizi haupigi hodi. Unamkuta Salha mezani, mchana, wali bado mzito tumboni na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Wiki nzima anang'oa vidokezo ambavyo marehemu kaka yake, Mbarouk, alivipachika katika maktaba, yaani hazina ya programu zilizo tayari, ya lugha yao ya kompyuta: hapa fupisha, hapa usizunguke, hapa harakisha. Zamani kompaila, ile programu inayoigeuzia mashine maneno ya binadamu, ilikuwa changa na ilihitaji kushikwa mkono. Siku hizi inaijua njia yenyewe. Kimebaki kidokezo kimoja, na Salha amechoka, uchovu ule wa msiba, usioisha kwa kulala.

Kichwa kinashuka, meza inakuwa barabara. Barabara inazaa barabara, kila njia panda ina kibao, na kila kibao kina mwandiko wa Mbarouk. Salha anaving'oa akipita, ndiyo kazi aliyotumwa, na kila akinyoosha mgongo mji uliokuwa mbele uko nyuma, umegeuka kama kwenye kioo. Pembeni yake anatembea mtu asiye na uso. Wewe nani? Mimi ndiye niliyekuwa nikielekezwa, anasema. Kitendawili. Salha anaitika kwa mazoea, tega. Namwandikia mwenye nyumba kibao cha kumwonyesha chumba chake. Jibu Salha analijua, ila akilitamka atakuwa amesema kazi ya kaka yake haihitajiki tena. Nimeshindwa, anasema. Basi nipe mji. Anampa mji wa nyuma, uliokwisha kuwa mtupu. Huo nimeshaupita, nipe mwingine. Anampa wa kulia, anampa wa kushoto, na mtu yule anatikisa kichwa bila hasira, hadi unabaki mji mmoja, kibao kimoja langoni: Pita hapa, ni karibu. Huu sikupi, anasema Salha, huyu ndiye Mbarouk aliyebaki. Alipokiweka alitaka nini, anauliza mtu yule, kibao kikae au mimi nifike? Salha amechoka mno hata kubisha. Anakishika kwa mikono miwili, nacho kinatoka kirahisi kama jino la utotoni. Mtu yule anapita langoni bila kuangalia huku wala huku, akiburuza kiatu cha kushoto, kama Mbarouk alivyokuwa akiburuza.

Dada Salha, anaita mwenzake Nuhu kutoka meza ya pili, kumbe umeshakifuta kidokezo cha mwisho? Vipimo vya kasi vimetoka. Salha anainua kichwa. Kwenye skrini mstari haupo, na hakumbuki kuufuta. Programu imekuwa nzito? Hata kidogo, kasi ni ile ile. Afadhali, anasema, na machozi yanamtoka, maana sehemu ya moyo wake ilitaka iwe nzito. Anaificha mikono chini ya meza, Nuhu asiione. Kucha zake zimejaa udongo.