Mbili kwa Kumi

Nilikuwa nimelala chali kwenye sakafu ya chumba cha kubadilishia nguo, miguu juu ya benchi, na Kijiti ananifunga kamba za viatu. Sote wawili tulikuwa wakimbiaji wa viunzi, tukiwania nafasi moja iliyobaki kwenye timu. Akakaza fundo la mwisho.

"Haya, bibi harusi, simama," akasema. "Ukinishinda leo, nitazifungua kwa meno."

Nikacheka kidogo. Kucheka sana kulikuwa kunauma.

Maumivu yalikuwa yameanza msimu uliotangulia, chini kabisa ya mgongo, upande wa kushoto, kama kidole cha mtu anayeniita. Kila asubuhi kocha alipita na daftari lake akituuliza: maumivu mangapi kwa kumi? Aliyesema nne alipumzishwa. Aliyepumzishwa wiki mbili alirudishwa nyumbani. Mimi nilisema mbili. Yalipofika sita, nikasema mbili. Kuna asubuhi nilishindwa kuinama kupiga mswaki, nikatoka nje, nikasema mbili. Naye kwa kuniamini akaniongezea viunzi.

Wenzangu walikuwa wakiota utepe wa mwisho. Mimi niliomba nisipige chafya.

Siku hiyo ya mchujo, kwenye kiunzi cha tatu, mguu wa kushoto uliacha kunisikiliza. Sikuanguka. Nilisimama tu, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, nikawatazama wakienda. Kijiti alikuwa mbele.

Nilimweleza kocha habari zote za mgongo wangu, ila sikumtaja Kijiti. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua daftari na kupitisha kidole kwenye mstari wangu.

"Mbili, binti yangu. Miezi minne, mbili. Hata leo asubuhi."

"Nilikuwa nadanganya, Mwalimu."

"Lini? Wakati ule, au sasa?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli, na mimi sikuwa na cha kumwonyesha. Hata picha za hospitali hazikunitetea. Mifupa yako ni safi, daktari aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema, akashangaa kuniona nalia.

Kijiti alikuja kuniaga kabla timu haijasafiri. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, begi mapajani.

"Nimwambie kocha kwamba nilikuwa nakufunga viatu?"

Tulijua wote wawili kwamba angeulizwa kwa nini alificha, na huenda nafasi ingempita.

"Acha," nikasema.

Akakubali haraka kidogo kuliko nilivyotarajia. Simlaumu. Ningekuwa yeye, nisingeuliza kabisa.

Sasa ni miaka kumi na moja. Kuamka kwangu ni kazi yenye hatua zake: nageuka ubavu, nashusha miguu, nasubiri, nashika ukuta, nasubiri tena. Hapo mwanzo mama alikuwa akigonga mlango. "We mtoto, unaatamia kitanda? Hebu toka tuone vifaranga!" Nami nilikuwa nikijibu kwamba nakuja.

Siku hizi hagongi. Huweka kikombe cha chai ya maziwa kwenye kigoda nje ya mlango, kisha huondoka akinyata, nisimsikie. Leo nilipoufikia mlango, chai ilikuwa imeshafanya utando.