Mtu Akikimbia Kando ya Ghuba

Tangu njia ya mbio ifunguliwe kando ya ghuba, mtu akikimbia pale hakuna anayeinua kichwa. Shida ndiyo hiyo. Mengine yote yametoka humo.

Zamani, upande wetu wa ukingo pale Wagenia, Kisangani, hakuna aliyekimbia. Watoto walikatazwa, na hata walevi walijua kujizuia. Mtu aliyechelewa alitembea haraka, basi. Maporomoko yana kelele usiku na mchana. Unaweza kumwita mtu aliye umbali wa mikono miwili asikusikie. Kwa hiyo mvuvi akiteleza kutoka kwenye ile miti mikubwa iliyosimikwa katikati ya maji, wanayotundikia vikapu vya kunasa samaki, mwenzake hapotezi pumzi kwa kuita. Anaruka ukingoni na kukimbia kufuata maji. Si lazima afike popote, mradi aonekane. Njia inatokeza juu ya mwamba, na watu wa ghubani chini wanamwona. Aliye karibu na mtumbwi anaingia na kupiga kafi hadi mdomo wa ghuba, kwa sababu kila kitu ambacho maji yanakibeba kutoka kwenye miti yanakipitisha pale mara moja, kando ya mwamba, kisha yanakitupa kwenye mto mkubwa. Ukiwahi, unamkamata mtu kwa nywele. Ukichelewa, unarudi peke yako.

Mimi si Mgenia. Mimi ni wa familia za Waislamu wa mjini, niliacha shule mapema, nikaendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka magoti yakakataa. Siku hizi ninakata kamba za mwituni upande wa Masako na kuwapelekea wavuvi, maana miti yao inafungwa kwa kamba hizo, si kwa misumari. Nilimwoa Agathe, dada yao Léon na Chance, nao wakaniita bokilo, yaani shemeji. Léon, mkubwa, ndiye aliyepanda miti. Chance, mdogo wake, alikaa ghubani na mtumbwi, akisuka vikapu huku jicho liko juu ya mwamba. Watu waliiita kazi ya uvivu. Léon hakupanda mti hata siku moja kama Chance hayuko chini.

Halafu akaja Benie. Msichana wa ofisi, mwenye heshima, anayecheka na kila mtu. Alikuwa na klabu ya watu wanaokimbia asubuhi, na walikuwa wamechoka kukimbia barabarani katikati ya pikipiki na vumbi. Alipoiona njia yetu alisimama, mikono kichwani.

Siwezi kumlaumu kwa hilo. Njia ni nzuri. Inaanzia juu ya maporomoko, inashuka kwenye udongo mwekundu chini ya miti yenye kivuli, maji meupe yanachemka kushoto kwako, miti ya Wagenia imesimama katikati yake kama nyumba zisizo na kuta. Kisha unapanda mwamba, unageuka, na kelele yote inabaki nyuma. Chini kuna ghuba, maji yamelala kama mafuta kwenye sahani, ndege weupe kwenye matope, mitumbwi imefungwa. Mtu wa ofisi akiona hivyo lazima avue koti akimbie. Mimi nilipita pale na mzigo wa kamba begani maisha yangu yote, na hata mimi nilikuwa ninasimama.

Benie na watu wake wakakutana na wenye ukingo. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimeleta kamba.

"Njia ni yenu," Benie akasema. "Sisi tutapita tu. Tutaifagia, tutakata majani. Wageni watakuja, watanunua samaki wenu."

Watu waliitikia kwa vichwa. Samaki walikuwa hawapati wanunuzi.

Mimi nikauliza, "Na mutu akianguka mu maji?"

"Papa Amuri, hatutakaribia maji."

"Si nyinyi. Hawa. Atakayekimbia kuleta habari, mutamujuaje?"

Chance ndiye aliyepata jibu, na alilipata akicheka. "Bon, bokilo, iko mwepesi. Anayekimbia ya kweli avue shati, alishike mukononi, alipeperushe. Nikiona shati, mimi niko mu mtumbwi."

"Bokilo wangu anaogopa kila kitu," Léon akasema, akanipiga begani. "Hata kuku ya Agathe anaiogopa."

"Hujaishi na ile kuku," nikamjibu, na watu wakacheka, na neno likapita. Wote walikubali. Hakuna aliyelazimishwa, na sitasema uongo kwamba kuna aliyelazimishwa. Walikubaliana pia kwamba mbio zitakuwa Jumapili tu, siku ambayo wavuvi hawapandi miti.

Mwanzoni ilikuwa Jumapili. Kisha Jumamosi ikaongezeka, kisha wanafunzi wakaanza kuja kila asubuhi, na nani angewafukuza? Walisalimia vizuri. Ghubani wake za wavuvi waliuza maji ya kunywa, ndizi, samaki wa kukaanga. Chance alipewa kazi ya kusimama kwenye mstari wa mwisho na kuwapigia makofi wanaofika. Aliipenda kazi hiyo. Vikapu akaviacha.

Na jua la Kisangani mnalijua. Mtu akikimbia kidogo tu, fulana inaganda mwilini. Kufikia mwamba wanaume wote walikuwa wamevua, fulana mkononi, na wakiona watu wa mstari wa mwisho chini wanazizungusha hewani. Nililiona hilo kabla ya msimu wa mvua kuanza. Nilimwambia Léon.

"Chance anajua sura yako na sura ya kila mutu wa huku," akasema. "Wanafunzi ni wanafunzi. Sisi ni sisi."

Jibu hilo lilinitosha. Lilimtosha na yeye.

Jumapili ya mbio kubwa, ile waliyoalika watu mpaka kutoka Simi-Simi, maji yalikuwa yamepanda usiku. Mti mmoja wa Léon ulikuwa umelegea, na asubuhi akanituma nilete kamba. Nilimwambia leo ni siku ya watu wa mbio, tuache. Akasema mti haujui kama leo ni Jumapili. Mti huo ukienda na maji, utaondoka na mingine yote. Akapanda. Mimi nilikuwa ukingoni nikimrushia kamba. Nyuma yangu wakimbiaji walipita makundi makundi, wengine wakisimama kumpiga picha.

Hakuteleza. Ni mti wenyewe uliolala, polepole, kama mtu anayekaa chini, na yeye akalala nao. Niliona kichwa chake kikitoka, niliona mkono wake. Alikuwa anaogelea. Léon alijua kuogelea kuliko kutembea.

Nikakimbia.

Mimi mwenye tumbo hili, mwenye magoti haya. Nilivua shati nikikimbia, vifungo vikaruka. Mbele yangu kulikuwa na wanaume wanne, wote vifua wazi, fulana mkononi. Mmoja akageuka akaniona. "Courage, papa!" akasema, akanipisha. Wanawake waliokaa kando ya njia wakapiga vigelegele. "Papa huyo! Papa anawashinda vijana!" Nilifungua mdomo kuwaambia, hakuna kilichotoka ila pumzi. Na hata kingetoka, maji yangekimeza.

Nikafika juu ya mwamba. Ghuba nzima ilikuwa chini yangu, watu wamejaa, wamevaa rangi rangi. Chance alikuwa kwenye mstari, karibu na mtumbwi wake, karibu kabisa. Nikapeperusha shati kwa mikono yote miwili. Akaniona. Najua aliniona, kwa sababu alimshika jirani yake bega akanionyesha kwa kidole, akajipinda kwa kicheko. Akainua mikono juu ya kichwa na kunipigia makofi.

Nilipokuwa ninashuka alinifuata njiani, mikono imefunguliwa kunikumbatia.

"Bokilo! Leo umeamua kumaliza lile tumbo! Agathe atakukimbia!"

"Léon," nikasema.

"Léon atacheka mpaka afe, ngoja nimwambie..."

"Léon. Maji."

Akaendelea kutabasamu kidogo. Uso ulichelewa kusikia. Kisha akanisukuma na kuruka mtumbwini, na sijawahi kumwona mtu akipiga kafi namna ile. Watu wa mstari wa mwisho walidhani ni sehemu ya mchezo. Walimpigia makofi na yeye.

Mdomoni mwa ghuba alikuta kikapu kimoja kikizunguka. Alikishika, akakiacha, akapiga kafi hadi mto mkubwa, akabaki anageuza kichwa huku na huku. Alirudi jioni. Léon alipatikana chini ya mji, upande wa Simi-Simi, na wachimba mchanga.

Benie alikuja kwenye matanga, akalia kweli, na Agathe akampa kiti. Baadaye akarudi na wazo. Klabu ingekimbia kwa kumbukumbu ya Léon, wote na fulana nyeupe. Walikimbia. Waliweka kibao juu ya mwamba, chenye jina lake na mshale unaoonyesha ghuba. Wazo la pili lilikuwa bendera nyekundu pale kwenye miti, ya kuinuliwa mtu akianguka. Bendera ipo. Watoto wanapiga picha nayo.

Nikauliza kama wanaweza kuhamisha njia. Wenye ukingo wenyewe ndio waliokataa. Wake za wavuvi walisema wao wanakula kwa njia hiyo. Agathe alikuwa mmoja wao. Anauza samaki pale kila Jumapili, mgongo kwa mwamba.

Hesabu ya njia hiyo ninaijua. Tangu nianze kuleta kamba pale, kabla ya njia, walianguka watu sita na wote sita walitolewa hai. Baada ya njia ameanguka mmoja, na hakutolewa. Ameacha mke na watoto watatu. Miti yake minne iliyobaki maji yaliichukua msimu uleule, kwa kuwa hakuna aliyeenda kuifunga. Chance ameuza mtumbwi, anaendesha pikipiki mjini, na tukikutana anaangalia upande. Mtu wa kukaa ghubani na jicho juu ya mwamba: hakuna. Wanaopanda miti bado wapo, kumi na mmoja.