Nthenya wa Nyuma ya Maandishi

Mutindi aliitoa kompyuta kitambaa cha kufuma kilichokuwa kikiikinga na vumbi, akakikunja, akakiweka juu ya kabati. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwaka wa 1999, katika ofisi ya mradi mmoja wa maji mjini Kitui, na stima ilikuwa imerudi. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wametuma diski yenye tovuti iliyotengenezwa tayari, kama nguo ya dukani. Wenye mradi walibakiwa na kazi ya kujaza maneno yao, kuchagua rangi, na kuweka picha moja ya kukaa nyuma ya maandishi.

Mkurugenzi, Bwana Mwangangi, alivuta kiti akaketi kando yake. Rangi ya kijani aliikataa kwa sababu wafadhili wangedhani mvua imenyesha. Ya buluu aliiona ya hospitali. Wakakubaliana kahawia ya udongo mkavu. Kisha akampa picha aliyoipiga mwenyewe upande wa Ikutha. Ilimwonyesha mjane aitwaye Nthenya amepiga magoti kwenye mchanga wa mto uliokauka, kitambaa chekundu kichwani, mtungi wa manjano ubavuni, akichota maji shimoni kwa kibuyu kilichokatwa nusu. Mwangangi alikuwa amemwambia Nthenya kwamba picha hiyo ndiyo ingeleta kisima cha mashine kijijini kwao, Kwa Ndululu. Nthenya alikuwa ametulia ili itoke vizuri.

Picha ilikuwa ndogo. Mutindi alipoiweka, kompyuta iliirudia kushoto na kulia, juu na chini, mpaka ikajaza ukurasa mzima kama maua ya leso. Akauliza kama amkuze abaki mmoja.

"Waache," Mwangangi akasema. "Hivyo wanaonekana wengi."

Mutindi akaunganisha laini ya simu na Nairobi, akaituma.

Alasiri hiyo Nthenya alikuwa mtoni. Alipoinua kichwa ili amimine maji mtungini, aliona mwanamke mwenye kitambaa chekundu amepiga magoti kando yake. Alikuwa yeye. Upande wa pili wa huyo alikuwepo mwingine, na nyuma yao safu nyingine, na nyingine, hadi pale mto unapokata kona. Wakasalimiana, kisha wakaendelea kuchota, maana jua lilikuwa linakwenda.

Jirani yake, Kalondu, alifika na punda akakuta mto umejaa wanawake. Akauliza kama limebaki shimo lolote. Nthenya aliyekuwa karibu akamwonyesha mahali pa juu zaidi, na Kalondu akashukuru akapita.

Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, kwa hiyo wengi walilala uani. Picha ilikuwa imepigwa siku ambayo Nthenya hakuwa amekula, na kwa sababu hiyo wote waliamka na njaa. Walitawanyika wakafanya kazi zilizokuwepo. Mmoja alianza kumuuguza mbuzi aliyevunjika mguu. Mwingine akajiunga na kwaya, ikajulikana kwamba Nthenya ana sauti ya pili nzuri, jambo ambalo mwenyewe hakuwa na nafasi ya kulijua.

Mwolyo ulipokuja, yale mahindi ya msaada wa njaa, walipanga foleni nyuma ya Nthenya wa kwanza. Kisilu, naibu wa chifu, aliwatazama, akampimia yule wa mbele kipimo kimoja, akaita jina linalofuata.

"Na hawa?" Nthenya akauliza.

"Jina ni moja."

"Matumbo ni mengi."

Kisilu akasema kwamba hilo analiona, ila serikali hugawa kwa jina. Akawashauri wasonge wasiwazuie wengine.

Huko Kitui, Mwangangi alikuwa na tatizo lake. Maneno aliyoyaandika yalizama ndani ya picha, hayasomeki. Kitambaa chekundu kilimeza nusu ya sentensi. Akamwagiza Mutindi aififishe picha, na Mutindi akaififisha. Akaambiwa bado. Akaififisha tena, hadi wanawake wakawa kama mvuke na herufi nyeusi zikasimama wima juu yao.

Kwa Ndululu, rangi iliwatoka akina Nthenya mchana kweupe. Kwanza vitambaa viligeuka waridi, kisha vikawa kama majivu. Ukimtazama mmoja wao ungeweza kuhesabu mbuzi waliokuwa nyuma yake. Punda wa Kalondu aliacha kuwapisha njiani. Kibaya zaidi ni kwamba mikono yao ilipungua nguvu: kibuyu kilijaa kwenye shimo, kikafika mtungini nusu, maji mengine yakiwa yamepita katikati ya vidole na ndani ya vidole vyenyewe.

Jumapili waliketi kanisani kwenye viti vya mbele. Walipoinama kuomba, Mchungaji Mutiso aliona kwamba mgongo wa yule wa kwanza ulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Sentensi ilianza kwake, ikaendelea kwa aliyemfuata, ikamalizikia mwisho wa kiti. Mchungaji akavaa miwani. Baada ya tangazo la harambee aliisoma kiti kwa kiti, akiifasiri kwa Kikamba. Ilisema kwamba kisima cha Kwa Ndululu kimekamilika, kwamba akina mama hawatembei tena kutafuta maji, na kwamba watoto wanaoga kila siku kabla ya kwenda shule.

Waumini walisikiliza kwa makini. Baada ya ibada baadhi yao walizunguka kijiji kukitafuta kisima hicho, mmoja akapanda hadi kilimani ili aone vizuri. Jioni walirudi wakasema hawakukiona.

Nthenya wa kwanza akapanda basi la Kitui pamoja na Kalondu. Kondakta alimtoza Kalondu peke yake.

Mutindi alimwona Nthenya amesimama mlangoni, na nyuma yake, bila kuzuiwa na chochote, aliona duka la viatu la ng'ambo ya barabara. Alimtambua. Alikuwa amemtazama kwa wiki nyingi.

"Karibu uketi, mwaitu," akasema. Hivyo ndivyo mtu humwita mama yake.

Nthenya akaketi. Hakulalamika. Alieleza kuhusu mto, mahindi na vibuyu, kisha akauliza kama picha ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Mwangangi alitoka ofisini mwake akamsalimia kwa mikono miwili, kama anavyosalimiwa mtu mzima, ingawa mikono yake ilikutana yenyewe.

"Kisima kimechimbwa, mama," akasema. "Hatukuandika uongo."

"Kimechimbwa wapi?"

"Kanyangi."

"Kanyangi kwa nani?"

"Nyumbani kwetu," Mwangangi akasema.

Akaeleza kwamba lori la mashine lisingefika Kwa Ndululu kwa ile barabara, na kwamba mkataba ulikuwa na tarehe. Pale kwao palikuwa na nafasi, na baba yake alikuwa ameanza kupanda michungwa. Jina la kijiji cha akina Nthenya lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye ombi, na kulibadilisha kungewachanganya wafadhili. Akamwagizia chai, akaenda mkutanoni.

Mutindi akageuza kiti chake.

"Naweza kukutoa kabisa humu," akasema. "Lakini sijui kama nikikutoa humu utabaki kule."

"Na wale wengine?"

"Wao pia."

Nthenya akafikiri. Chai yake ilikuwa inapoa.

"Kuna mmoja ana mbuzi mgonjwa," akasema. "Usitutoe. Tukoleze tu."

Mutindi akawakoleza. Kitambaa cha Nthenya kikaiva, mgongo wa kiti ukapotea nyuma yake, na alipokishika kikombe, kikombe kilishikika. Alikunywa chai yote. Alipoondoka, Mutindi alisikia hatua zake kwenye ngazi mpaka chini, akafurahi kuliko alivyokuwa amefurahi tangu aajiriwe.

Kesho yake Mwangangi aliufungua ukurasa akashindwa kuusoma. Hakupandisha sauti. Alisema wasichana waliosomea kompyuta siku hizi ni wengi, hata katika miji ya Wote na Migwani wapo. Mutindi alikuwa analipia ndugu zake wawili karo. Akaififisha picha, na kwa kuwa Mwangangi alisimama nyuma yake hadi aliporidhika, safari hii ilififia kuliko mwanzo. Baadaye Mutindi alitoka nje akasimama ukutani, mikono kifuani. Tangu siku hiyo alikula chakula chake cha mchana nje, hata upepo wa vumbi ukivuma.

Mwezi wa Novemba wafadhili walikuja kukiona kisima. Lori lilitumwa Kwa Ndululu alfajiri likawabeba akina Nthenya, wote, maana hawakuwa na uzito. Kanyangi walipangwa kwa safu nyuma ya bomba, mbele ya michungwa. Mutindi alipewa kamera. Wageni walisimama mbele na Mwangangi katikati yao, na walipotakiwa kutabasamu walitabasamu. Mgeni mmoja aliuliza kwa nini akina mama hawa hawaonekani vizuri, akajibiwa kwamba jua la huku ni kali. Akakubali, akavaa kofia.

Kisha kila mwanamke alipewa kikombe cha maji. Walikunywa polepole, na kwa vile walikuwa wamefifia namna ile, wageni waliweza kuyaona maji yakishuka kooni hadi tumboni, yakatua humo, yakametameta. Walisema hawajawahi kuona maji masafi kama yale. Walipiga picha nyingine.

Saa tisa lori liliwarudisha. Lilipokuwa likiyumba kwenye mashimo ya barabara maji yalisikika yakicheza ndani yao. Liliwashusha kando ya mto, kwa sababu mitungi walikuwa wameiacha huko, nao wakapiga magoti wakaanza kuchimba. Maji ya mchangani yalikuwa yamekwenda chini zaidi tangu jana.