Saa za Huku

Simu ilidondoka Enesi alipokuwa akiinua mlango wa bati wa steshenari. Ilipiga ukingo wa saruji, mfuniko wa nyuma ukaruka, betri ikachomoka na kuangukia kwenye maji ya mtaro. Aliiokota, akaifuta kwa upindo wa sketi yake nyeusi, ile aliyoipiga pasi ya mkaa jana kwa ajili ya usaili, kisha akairudisha mahali pake pamoja na kipande cha karatasi alichokikunja ili betri isicheze. Simu iliwaka. Kwa kuwa ilikuwa simu ya zamani, isiyokumbuka chochote betri ikishatoka, ilimuuliza saa.

Hakuwa na pa kuitazama. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi kwa mgao, na kompyuta mbili za steshenari zilikaa chini ya vitambaa vyake kama maiti wanaosubiri ndugu. Wingu la Novemba lilikuwa limelala juu ya mji tangu alfajiri, hata jua lisionekane lilipo. Barabarani malori ya shaba yalipanga foleni kuelekea Dar es Salaam, na yale ya mbolea na mafuta kuelekea Zambia. Madereva walikuwa wamelala, miguu yao ikitokeza madirishani.

Watson, mbadilisha fedha, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya duka la jirani, kwacha na shilingi zikiwa zimefungwa kwa mipira mapajani.

"Mulishani, ba Enesi," alisema. "Leo umependeza kama bibi harusi."

"Bwino, kaka Watson. Saa ngapi?"

Aliangalia mkono wake. "Saa mbili kasoro robo."

Enesi alikuwa mwangalifu. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na kwa watu wa Tunduma, ambao mpaka unapita katikati ya soko lao, jibu la saa bila jina la nchi ni nusu ya jibu. Akauliza, kama kila mtu anavyouliza pale:

"Za wapi?"

"Za huku."

Enesi aliandika saa hiyo kwenye simu, akabonyeza kitufe cha kukubali. Usaili ulikuwa saa nne. Alikuwa na muda wa kutosha.

Dada Faudhia, mwenye steshenari, alifika akiwa amebeba dumu tupu la petroli. Vituo vyote vilikuwa vimekauka, na kwa wauzaji wa chupa bei ilikuwa imepanda tena usiku. Alilitupa dumu kwenye kona, akajitupa mwenyewe kwenye kiti.

"Jenereta imegoma kula maneno," alisema. "Na simu yangu imekufa. Haya, wewe ndiyo unaniacha leo?"

"Naenda kujaribu tu, dada."

"Kujaribu. Hiyo kazi yenyewe ni ya nini hasa? Maana wewe kila siku IT, IT. Mimi hapa nachapa, natoa kopi, naweka plastiki kwenye vyeti, naingiza nyimbo kwenye simu za watu, nachora kadi za harusi. Hiyo si IT?"

"Hiyo ni kutumia kompyuta. Wale wa serikali wanataka mtu wa kuunganisha mtandao wa ofisi. Kompyuta zao zizungumze."

"Zizungumze nini, na watu wa ofisi ile wenyewe hawazungumzi?" Faudhia hakucheka, alikuwa akiuliza. "Tuseme umekosa. Utafanya nini?"

Enesi alikuwa na jibu, lakini lilikuwa la kukariri. Chuo alichosoma Mbeya kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukutani pake palichorwa ngazi. Kila kipago kilikuwa na kazi: fundi wa kompyuta, mtaalamu wa mitandao, mtayarishaji wa programu, msimamizi wa kanzidata, mchambuzi wa mifumo. Mchoraji alimweka kijana mwenye tai kileleni, mkono ukigusa mawingu. Wanafunzi walikuwa wengi na kompyuta zilizofanya kazi zilikuwa chache, kwa hiyo kanzidata waliisoma ubaoni, kwa chaki, kama watoto wanaosomeshwa kuogelea darasani. Mwalimu aliwaambia kwamba soko la ajira limefunguliwa na kwamba dunia nzima inawasubiri. Yeye mwenyewe, kabla mwaka haujaisha, alikwenda Lusaka kuuza viatu.

Tangu kuhitimu, Enesi alikuwa ameijaribu ngazi ile kipago kwa kipago. Kwa mafundi simu wa stendi alikaribishwa, akaambiwa awauzie vocha kwa sababu msichana huvuta wateja. Kampuni ya uwakala wa forodha ilihitaji mtu wa kuingiza takwimu, ila awe na uzoefu wa miaka mitatu, na uzoefu huo haukuwa ukipatikana popote ila katika kazi ileile. Shule ya sekondari ilimtaka afundishe kompyuta kwa kujitolea. Ilikuwa haijapata kompyuta.

"Nikikosa nitarudi hapa," alisema.

"Basi rudi na lugha nzuri," Faudhia akasema. "Si uanze kwenda? Naona kama kumekucha zamani."

Enesi alitazama simu. "Bado mapema. Saa tatu kasoro."

"Haya. Hata hivyo wale hawajawahi kuanza chochote kabla ya saa sita."

Hilo lilikuwa kweli, na watu wa mjini walilichukulia kama hali ya hewa. Enesi alikaa. Alitoa daftari la chuo, akasoma tena jinsi ya kugawa anwani za mtandao, midomo ikitikisika. Alimfikiria baba yake, mzee Osea, huko juu Mbozi. Chama cha ushirika kilipokufa na wanunuzi binafsi kuanza kuja na mizani yao, mzee alisema kahawa imekuwa kazi ya kumlisha mtu mwingine. Akauza shamba la upande wa kijito, lenye mibuni iliyokuwa bado inazaa, ili binti asome. Alipoulizwa na wanaukoo binti anasomea nini, alijibu: kazi ya ndani, ya kiti kinachozunguka. Kiti hicho alikiona mara moja, benki, alipokwenda kufunga akaunti.

Simu ilipoonyesha saa tatu na nusu, aliaga. Alitembea polepole kwenye barabara ya Sumbawanga, pembeni, ili matope yasiruke kwenye soksi. Alifika kwenye geti la ofisi robo saa kabla ya muda, kwa hesabu yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijisikia vizuri.

Mlinzi, mzee Emanueli, alikuwa akimfungulia kijana mmoja atoke.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unataka nani?"

"Nimekuja kwenye usaili wa Tehama. Nimewahi kidogo, nitasubiri hapa nje."

Mzee alimtazama, kisha akamtazama kijana aliyekuwa akiondoka, kama mtu anayelinganisha vitu viwili.

"Binti, umewahi wa kesho? Wenzako ndiyo hao wanatoka."

"Tumeambiwa saa nne."

"Na saa nne wakaanza. Kamili! Mimi mwenyewe nilidhani nimeota. Kuna mgeni kutoka Dar, anakagua." Alisogeza mkono wake mbele ya macho ya Enesi. Saa yake ya kioo kilichopasuka ilionyesha saa tano kasoro robo.

Enesi aliitazama saa hiyo, akatazama simu, akaitazama tena saa. Hakuuliza za wapi. Getini palikuwa na bendera ya Tanzania.

Afisa utumishi, Bwana Makene, alikuwa mtu mnene, mpole, aliyechoka. Alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Simu ilidondoka," alirudia. "Ikapoteza saa. Sasa dada yangu, unaomba kazi ya Tehama, halafu saa inakushinda?"

"Mheshimiwa, naomba hata dakika tano. Nimejiandaa."

"Naamini." Aliteremsha sauti. "Nikuambie ukweli. Ningekuwa peke yangu, tungeanza saa sita na ungenikuta nakunywa chai. Lakini leo kuna mgeni, na mgeni ameshafunga jalada. Siwezi kumwambia alifungue. Nitasema nini? Kwamba huku kwetu watu wana saa mbili?"

"Ndiyo, tunazo mbili."

"Najua tunazo. Yeye hajui."

Nyuma ya ofisi jenereta ilikuwa ikinguruma; mafuta yalikuwa yamepatikana kwa ajili ya mgeni. Makene alikuna shingo.

"Unajua kuchapa, lakini?"

"Najua."

"Karani wangu amekwenda msibani Isongole. Mgeni anataka taarifa ya usaili aondoke nayo. Nisaidie. Nitakuagizia soda."

Enesi angeweza kukataa. Alijua hivyo, na alijua pia kwamba kukataa kusingemgharimu Makene chochote zaidi ya kumtafuta mtu mwingine barabarani. Lakini hakuwahi kuingia katika chumba kile, na alitaka kukiona. Aliingia.

Kompyuta zilikuwa nne, zote zikiwa zimewekwa mwaka uliopita na mradi fulani ambao nembo yake bado ilikuwa imebandikwa kwenye kila kioo. Waya za mtandao zilikuwa bado zimefungwa vizuri ndani ya mfuko wake wa plastiki, juu ya kabati, pamoja na chupa za chai. Kiti kilikuwa kinazunguka.

Alichapa alichosomewa. Waombaji walioitwa walikuwa kumi na mmoja. Waliofika kwa wakati, wawili. Wengine, inaonekana, nao walikuwa wameitegemea saa sita. Aliyechaguliwa alikuwa yule kijana wa getini. Alikuwa na cheti cha ufugaji, na mwishoni mwa maelezo yake aliandika kwamba anajua kompyuta.

"Uzoefu wake niandike nini?" Enesi aliuliza.

"Andika wa kuridhisha."

Aliandika wa kuridhisha. Alipofika mwisho aliiagiza kompyuta iweke tarehe, nayo ikaweka: Januari mosi, 2002. Enesi aliitambua mara moja. Ndani ya kila kompyuta kuna kibetri cha mviringo, kidogo kama sarafu, kazi yake kukumbuka saa wakati umeme haupo. Kikifa, mashine huamka kila siku katika siku ileile ya kwanza. Kompyuta ya chuo ilikuwa na ugonjwa huohuo.

"Mheshimiwa, hapa kwenye tarehe..."

"Toa karatasi tu, dada yangu, toa. Gari la mgeni linaunguruma."

Akatoa. Makene alisaini akiwa amesimama, akagonga muhuri. Muhuri ulikuwa na tarehe ya siku hiyo, Novemba 2011, na uliangukia pembeni ya ile nyingine, zikakaa pamoja kwenye karatasi moja bila kugombana. Mgeni aliipokea dirishani mwa gari, hakuisoma, akatazama saa yake ya dhahabu, akasema anafurahi kuona kwamba hata mpakani watu wameanza kujali muda.

Soda haikuletwa. Enesi hakuisubiri.

Watson alikuwa palepale kwenye kigoda chake.

"Ba Enesi! Vipi, tukuite bosi?"

"Nilichelewa."

"Ulichelewa vipi? Si ulitoka hapa na saa mkononi?"

"Saa uliyonipa wewe. Nikakuuliza za wapi. Ukasema za huku."

"Ndiyo. Za huku," alisema Watson, na kwa kidevu akaonyesha ng'ambo ya foleni ya malori, Nakonde upande wa Zambia, kwenye mabati ya nyumba alimozaliwa na ambamo mkewe alikuwa wakati huo akipika nshima, ugali wa kwao. Alimwona Enesi akikifuata kidevu hicho kwa macho hadi ng'ambo. Akashusha kidevu taratibu. "Ah," alisema. "Ah, mwe. Samahani, dada. Mimi huku ni kule."

Watson alikuwa amesema kweli. Mashine ilipokea ilichopewa, na aliyeipa alikuwa Enesi, mwenye cheti.

Ndani ya duka Faudhia alimtazama usoni, kisha akavuta kiti cha pili bila kuuliza. Umeme ulikuwa bado haujarudi. Simu ikaita.

"Enesi!" Mzee Osea alikuwa akipiga kelele, kama alivyopiga siku zote kwenye simu, kwa kuwa Mbozi ni mbali. "Nimepanda huku juu kwenye mtandao! Mama yako yuko hapa anavuta koti langu! Walikuita ndani?"

"Shikamoo, baba. Waliniita."

"Wakakukalisha?"

"Wakanikalisha. Kwenye kompyuta yao. Nikachapa, wakachukua wenyewe, mkubwa akagonga muhuri."

"Na kiti?"

Enesi alitazama mtaani. Lori lilisogea hatua chache, likasimama tena.

"Kinazunguka, baba."

Alimsikia akimgeukia mama na kumwambia kwa Kinyiha, na alisikia mama akicheka, na upepo wa kilimani ukipita kwenye simu. Alitaka kuongeza neno. Aliihamishia simu kwenye sikio la pili, karatasi iliyoshikilia betri ikateleza, simu ikazimika.

Aliirudisha betri, akaibana kwa kidole gumba. Simu iliwaka, ikamuuliza saa. Faudhia alikuwa tayari ananyoosha shingo nje kumwita Watson.

"Usimuulize," Enesi alisema.

Aliiweka simu juu ya kitambaa cha kompyuta, uso juu, ikiwa bado inauliza. Kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia matope aliyoingia nayo.